Nani Atamwogesha Paka?

Paka wa kawaida hahitaji mtu wa kumwogesha. Ana ulimi wenye vimiiba kama tupa, ana mate, ana saa nyingi za kukaa juani bila kazi, na ana manyoya. Manyoya ndiyo tunayasahau, kwa sababu yako kila mahali, hadi kwenye suruali yako nyeusi. Yanafyonza mafuta yanayotoka kwenye ngozi. Yanashika joto usiku na kuzuia jua mchana. Yakichafuka, ulimi unapita. Ndiyo maana paka wa pale buchari mtaani kwenu anaweza kuishi maisha yake yote bila kuguswa na mkono wa mtu, na bado akaonekana msafi kuliko wewe uliyeoga pasipoti asubuhi.

Sasa toa manyoya.

Unamjua huyo paka. Umemwona Instagram, mikunjo mwili mzima kama shuka ambalo halijapigwa pasi, masikio kama ya popo, macho makubwa ya mtu anayekudai. Anaitwa Sphynx. Watu wakimwona mara ya kwanza huuliza kama ni mgonjwa, kama amenyolewa, au kama ni jini. Si mgonjwa na hajanyolewa. Amezaliwa hivyo, na hata upara wake si kamili: ukimgusa unasikia malaika, vile vinyweleo laini vya mkono wa mtoto. Lakini malaika hayawezi kufanya kazi ya manyoya. Mafuta ya ngozi yanabaki juu ya ngozi, yanashika vumbi, yanageuka kahawia, yanahamia kwenye kochi na mto wako. Nta inajaa masikioni. Uchafu mweusi unajikusanya kwenye mizizi ya kucha. Mtu asipomwogesha kila wiki au karibu na hapo, ngozi itaharibika.

Kwa hiyo kila nikisoma historia ya huyu mnyama, macho yangu yanaenda kwenye beseni. Vitabu vya paka vinasimulia nani alimzalisha na nani, na chama gani kilimkubali mwaka gani. Sawa. Ila swali lililoamua kama ukoo wa paka kipara utaendelea au utaisha limekuwa lile lile tangu mwanzo: kuna mtu hapa aliye tayari kufanya kazi ya manyoya?

Jina kwanza, kwa sababu linapotosha. Sphynx hahusiani na Misri kwa lolote zaidi ya mtu kumtazama akikaa na kukumbuka lile sanamu la Giza. Paka wa Misri ya kale, waliochorwa kwenye kuta za makaburi na kukaushwa kwa maelfu, walikuwa na manyoya yao. Huyu wetu ni Mkanada.

Kabla ya Kanada kulikuwa na wengine. Mwanzoni mwa karne ya 20, bwana mmoja wa Albuquerque, New Mexico, aliyeitwa Shinick, alikuwa na paka wawili vipara, Dick na Nellie, kaka na dada. Alisema aliwapata kwa wenyeji wa asili wa huko na kwamba ndio waliokuwa wa mwisho wa kizazi cha paka wa Waazteki. Hiyo stori ya Waazteki ichukue na chumvi ya kutosha. Habari zake ziliingia kwenye kitabu kikubwa cha Frances Simpson, The Book of the Cat, kilichotoka London mwaka 1903, na humo kuna jambo dogo ambalo mimi naliona kubwa kuliko Waazteki wote. Dick alikuwa mtundu. Usiku mmoja alitoroka nje, mbwa wakammaliza. Shinick akabaki na Nellie, akimtafutia mume wa aina yake, na hakumpata. Ukoo ukaishia hapo. Paka mmoja kutoka nje ya mlango usiku mmoja, basi.

Twende Toronto, 1966. Paka wa nyumbani asiye na ukoo wowote wa kujivunia, mweusi na mweupe, jina lake Elizabeth, anazaa. Kati ya watoto kuna dume moja lisilo na manyoya. Wanamwita Prune, yaani plamu iliyokaushwa hadi ikakunjamana, na ukiangalia mtoto wa Sphynx huwezi kubishana na jina hilo. Kijana wa sayansi wa Chuo Kikuu cha Toronto, Ridyadh Bawa, anasikia habari hizo. Mama yake, Yania, alikuwa anafuga paka wa Siam, kwa hiyo nyumba ile ilijua paka. Wakanunua mama na mtoto.

Prune alipokua walimpandisha kwa mama yake mwenyewe. Najua, najua. Lakini kwa wafugaji hilo ni jambo la kawaida wanapotaka kujua kama tabia fulani inarithiwa, na jibu lilikuja: walizaliwa watoto wenye manyoya na wasio nayo. Ilikuwa kitu cha damuni. Mwaka 1970 chama kikubwa cha wafugaji wa paka Marekani, CFA, kikawapa hadhi ya muda ya aina mpya. Mwaka uliofuata kikaiondoa, kwa hofu ya afya zao. Walikuwa wachache mno, damu ni ile ile inazunguka, na vitoto vilikuwa vinakufa. Ukoo wa Prune haukudumu.

Hapo ndipo hii stori ingeisha, kama ya Albuquerque. Ila mabadiliko ya jeni hayaombi ruhusa. Mwaka 1975, kwenye shamba la Milt na Ethelyn Pearson huko Wadena, Minnesota, paka wa zizini mwenye manyoya yake kamili, Jezabelle, alizaa kitoto kipara cha kike. Wakakiita Epidermis. Mwaka uliofuata akazaa kingine, wakakiita Dermis. (Wakulima wa Minnesota wana utani, sikujua.) Minnesota si mahali pa kuwa uchi, Januari huko ni barafu kwa wiki nyingi. Paka wa zizini asiye na manyoya hamalizi hata msimu mmoja. Hawa wawili waliishi kwa sababu mtu aliwachukua, na baadaye walihamia kwa mfugaji wa Oregon, Kim Mueske.

Mueske alijaribu kuwapandisha kwa aina moja ya paka wenye nywele za mawimbi, Cornish Rex. Haikuzaa kitu, watoto wote walitoka na manyoya. Akashauriwa ajaribu binamu wa jina tu, Devon Rex, naye pia ana nywele za mawimbi, aliyetokea kaunti ya Devon, Uingereza, karibu mwaka 1960. Hapo vitoto vipara vikatoka. Kwa nini huyu na si yule? Wakati huo walijua tu kwamba inafanya kazi. Jibu lilikuja mwaka 2010, wanasayansi waliposoma jeni inayoitwa KRT71, yenye maelekezo ya kutengeneza aina moja ya keratini kwenye mzizi wa unywele. Sphynx na Devon Rex wana hitilafu mbili tofauti kwenye jeni hiyo moja. Manyoya ya kawaida yanaishinda hitilafu ya upara, na hitilafu ya upara inaishinda ile ya Devon. Kwa hiyo mtoto akichukua upara kwa mzazi mmoja na Devon kwa mwingine, anatoka kipara. Ile ya Cornish iko kwenye jeni nyingine kabisa, haikutani nayo.

Na kuna jambo kwenye utafiti huo linalobadilisha jinsi unavyomtazama huyu paka: si kwamba mwili wake hautengenezi nywele. Unatengeneza. Ila mzizi haukukamilika, unywele haushiki, unakatika na kudondoka. Kila siku mwili wake unajaribu kumvisha, na kila siku nguo inaanguka.

Turudi Toronto, miaka ya mwisho ya 1970. Mwanamke anayeitwa Shirley Smith anapata mtaani kwake vitoto vipara vitatu: Bambi, Punkie na Paloma. Mji ule ule wa Prune, damu nyingine. Punkie na Paloma wakapandishwa ndege hadi Uholanzi, kwa Dkt. Hugo Hernandez, ambaye tayari alikuwa amepokea masalia ya ukoo wa Prune. Kule wakapandishwa kwa Devon Rex, na mbinu ya Oregon ikafanya kazi upande wa pili wa Atlantiki. Sphynx wa leo wengi wanatokana na mistari hiyo miwili, wa Minnesota na wa Toronto uliopitia Uholanzi. Shika hiyo ya Uholanzi, tutairudia.

Miaka hiyo hiyo, na hili ni letu, mwaka 1978, Jeni Slater huko Watamu alikuta vitoto vya paka wa ajabu karibu na nyumbani kwake, wenye mabaka ya kahawia na meusi. Wagiriama walikuwa wanawajua zamani na walikuwa na jina lao, kadzonzo, kwa sababu rangi yao ni kama ganda la mti. Nao pia walipandishwa ndege katika miaka ya 1980, wakafika Denmark, wakaandikishwa kwa jina la msitu wao: Sokoke. Nawataja kwa sababu njia ni moja, paka anakutwa, anasafirishwa Ulaya, anapewa cheti, lakini maisha ni mawili. Kadzonzo aliishi kando ya msitu wa Arabuko Sokoke bila kumsubiri mtu yeyote. Manyoya yake ni mafupi, yamelala, yanatosha kwa joto la pwani. Ukimwondoa mfugaji kwenye stori ya kadzonzo, unabaki na kadzonzo. Ukimwondoa mfugaji kwenye stori ya Sphynx, unabaki na Dick na wale mbwa.

Warusi nao wana wao. Mwaka 1987, Rostov-on-Don, Elena Kovaleva aliokota paka ambaye wavulana walikuwa wanamtesa. Alimwita Varvara. Baada ya muda manyoya yakaanza kunyonyoka, na wakadhani ni ugonjwa wa ngozi. Hayakurudi. Varvara alipozaa, watoto wake nao wakanyonyoka, na ukoo wa Donskoy ukaanza. Hitilafu yao ni tofauti na ya Kanada, hiyo haishindwi na manyoya ya kawaida: mzazi mmoja tu anatosha. Lakini mwanzo ni ule ule, mtu aliyeamua kumtunza mnyama ambaye wengine walikuwa wanamrushia mawe au wanamtolea dawa.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 1997 Sphynx aitwaye Ted Nude-Gent aliigiza kama Mr. Bigglesworth, paka wa adui kwenye filamu ya Austin Powers. Mwaka 1999, kwenye Friends, Rachel alinunua mmoja kwa dola 1,000 kwa sababu bibi yake aliwahi kuwa na paka kama huyo, halafu akashindwa kukaa naye. Vicheko vya studio. Mwaka 2002 CFA, wale wale waliomkataa 1971, wakamruhusu kushindania ubingwa. Kutoka zizi la Wadena hadi jukwaani ni miaka 27. Na hapo swali la beseni likabadilika bila mtu kutangaza. Mwanzoni lilikuwa, huyu amezaliwa hivi, nani atamtunza? Sasa likawa, watu wanataka kumtunza, tuzalishe wangapi?

Mimi nimemwogesha mmoja. Wiki tatu, Julai, South B, mwenyewe alikuwa amesafiri na mimi nilikuwa nahitaji pesa. Jina lake Mandazi. Julai ya Nairobi unaijua, ile baridi ya kijivu inayoingia kwenye mifupa, na Mandazi hakuwa na koti. Alikuwa na sweta mbili na chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo. Usiku aliingia chini ya blanketi langu na kujibandika kwenye mbavu, na alikuwa wa moto kuliko nilivyotegemea. Joto la mwili wa paka ni kama nyuzi 38 hadi 39, na kwake hakuna kitu kati yako na joto hilo. Kwa sababu hiyo hiyo joto linamtoroka, na kwa sababu linamtoroka alikula kama kijana wa bweni.

Maji ya kuoga yawe vuguvugu, kina cha goti lake, chini uweke taulo asiteleze. Sabuni iwe ya paka, si hiyo yako ya lavenda. Ngozi yake si ngozi yetu. Unapita kwenye kila mkunjo, makwapa, kati ya vidole, halafu unasuuza mara mbili kwa sababu sabuni ikibaki atawashwa. Masikio unafuta kwa pamba na dawa yake, sehemu unayoiona tu. Halafu taulo haraka, dirisha limefungwa. Ukimwogesha kila siku kwa wema wako, ngozi itakauka na kutoa mafuta mengi zaidi. Mchana jua likitoka, unavuta pazia nusu, kwani huyu anaungua kama sisi, tena wale weupe wanaungua vibaya. Na asitoke nje. Mlango wa nyumba ile ulikuwa na kufuli mbili, na nilizihesabu kila usiku.

Kuna uongo mmoja wa madukani niuseme hapa. Unaambiwa mwenye mzio wa paka anaweza kukaa na Sphynx kwa raha. Kinachowasumbua wengi wenye mzio ni protini iliyo kwenye mate na ngozi ya paka, na huyu ana mate, ana ngozi, na anajilamba. Wapo wanaopata nafuu. Lakini usinunue kiumbe cha kukaa nacho miaka 15 kwa kutegemea hilo.

Nilimpenda Mandazi. Nasema hivyo ili kinachofuata kisisomwe kama maneno ya mtu anayeona kinyaa. Sphynx ni mojawapo ya aina za paka zinazojulikana kwa ugonjwa wa moyo unaofanya misuli ya moyo kunenepa hadi nafasi ya damu inabana. Paka anaweza kuwa nao bila dalili, akicheza leo, kesho hayupo. Ndiyo maana wafugaji makini wanapiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti kabla ya kupandisha. Halafu kuna sharubu. Hitilafu ya manyoya haichagui; sharubu za Sphynx huwa fupi, zimejikunja, au hazipo kabisa. Kwa paka sharubu ni kiungo cha kuhisi, humwambia upana wa nafasi gizani, upepo, kitu kilicho karibu na mdomo. Mwaka 2015 mahakama ya Berlin iliunga mkono amri ya kumhasi dume la Sphynx kwa sababu hakuwa na sharubu zinazofanya kazi, na sheria ya Ujerumani inakataza kuzalisha mnyama ukijua mtoto atakosa kiungo anachohitaji. Mwenyewe anaweza kusema paka wangu ana furaha. Mandazi alikuwa na furaha. Lakini furaha yake ilikuwa kazi ya mikono ya watu, na mikono inasafiri, inaugua, inafukuzwa kazi, inachoka. Manyoya hayachoki.

Hapo ndipo Uholanzi inarudi. Nchi iliyowapokea Punkie na Paloma ilishapiga marufuku, tangu 2014, kuzalisha wanyama kwa sifa zinazowaumiza. Bado wakaendelea kuuzwa, wengine wakiingizwa kutoka nje. Kwa hiyo kuanzia tarehe 1 Januari 2026 ni kosa hata kuwa naye: paka vipara, pamoja na wale wa masikio yaliyokunjwa, hawaruhusiwi kufugwa, kuuzwa wala kupelekwa kwenye mashindano. Faini ni euro 1,500. Wafugaji wamelalamika kwamba aina nzima inauawa kwa karatasi. Naelewa uchungu wao. Ila Shirley Smith hakutengeneza wale vitoto watatu, aliwakuta. Kukuta na kutengeneza ni vitu viwili, na sheria hii imeweka mstari hapo hapo katikati. Mimi naona wamepatia.

Mstari wenyewe una mlango mdogo. Paka aliyezaliwa kabla ya tarehe hiyo na akawekewa chipu anaruhusiwa kubaki na mwenyewe hadi afe. Hakuna anayekuja kumchukua. Aliyezaliwa mwishoni mwa 2025 akijaliwa umri mrefu anaweza kufika 2040. Hadi hapo, kwenye fleti fulani Utrecht au Rotterdam, kuna mtu atakayekuwa anajaza beseni maji vuguvugu mara moja kwa wiki, anaweka taulo chini asiteleze, na kufunga dirisha.